Vidonge kwenye Pindo la Leso

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Asifiwe na kila kiungo, hata kidole hiki kisichonyooka, na hata tumbo hili nililolitesa kwa ujinga wangu mwenyewe.

Wengi wenu mnanijua. Mimi ni Zakayo, mkamuaji kwa Mzungu wetu hapa Kapseret, miaka kumi na minne sasa. Vidole vilianza kuvimba. Asubuhi ya baridi mkono ulikuwa haukunjiki. Nilijua siku Mzungu akiona sikamui, ataniambia nifungashe virago, na nitarudi Maragoli na mke na watoto kwenye shamba la ukubwa wa mkeka. Kwa hiyo nilikamua huku nimeuma meno.

Nikaenda hospitali pale mjini Eldoret. Daktari akanipima, dresa, yule msaidizi wake wa dawa na vidonda, akanipa vidonge vyeupe, akarudia neno moja mara tatu: "Mzee, kula kwanza. Kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni. Usiongeze." Nikasema ndiyo. Ndiyo ya mdomo tu!

Vidonge vilifanya kazi. Nilikunja ngumi nikacheka peke yangu zizini. Lakini mnajua sisi Jumatano na Ijumaa tunafunga mpaka jua lizame. Siku hizo nikavimeza kwa maji matupu, na nikajisifu kabisa: chakula nimemwachia Mungu, dawa nimemtii daktari. Mvua ilipozidisha maumivu, nikanunua aspirini dukani nikachanganya, mbili mbili, tatu tatu.

Tumbo likaanza kuchoma. Nikasema ni shetani anapiga vita mfungo wangu, nikaongeza siku ya kufunga! Mke wangu akaniambia, "Baba Ezra, hiyo si shetani. Hiyo ni dawa na njaa. Kunywa uji." Nikamjibu kwamba hana imani. Ndugu zangu, naona aibu, lakini ushuhuda wa kuficha si ushuhuda: choo kikawa cheusi kama lami, na nikanyamaza wiki nzima. Ijumaa moja, ndoo ikiwa katikati ya magoti, nilianguka. Maziwa yakamwagika, nikatapika damu pale pale kwenye samadi.

Walinibeba kwa lori la maziwa. Njiani niliomba sala fupi kuliko zote nilizowahi kuomba: Bwana, usiniache nife kwa ujinga. Akasikia. Damu ikakoma, nikapata nguvu ya kuketi, na dresa yule yule akaja kunisema bila huruma. "Hivi vya dukani na vya kwetu ni ndugu wa baba mmoja. Umevimeza pamoja bila chakula, vimekutoboa tumbo. Mtu akiona choo cheusi anaacha dawa siku hiyo hiyo na anakuja hapa. Na kuanzia leo, ukipewa dawa yoyote ya maumivu, sema kwanza kwamba ulitapika damu. Usingoje kuulizwa." Daktari akanisimamishia vile vidonge. Siku hizi nakanda vidole kwa maji ya moto, na Mzungu amenipa kazi ya kupeleka ng'ombe malishoni. Vidole vinauma. Lakini niko hai na bado tuko shambani.

Nilidhani ushuhuda umeishia hapo. Jumapili iliyopita, baada ya kushuhudia haya, natoka mlangoni mwa kanisa, watu wanne wananiuliza, "Mzee Zakayo, vile vidonge vilibaki?" Nimewasimulia damu, mnauliza vidonge! Mmoja akaniambia tumbo lake ni gumu kuliko langu. Hata langu lilikuwa gumu, mpaka siku ile.

Na kuna kosa langu kubwa kuliko hayo yote. Kabla sijaanguka, niligawa. Sisi tunagawana chumvi, mbegu, hata moto wa jikoni, nikaona ni upendo kugawana dawa. Mama Selina, wewe uliyeketi benchi la tatu, nilikupa vidonge kumi kwa ajili ya goti lako. Sikukuuliza habari za tumbo lako. Sikukuambia ule kwanza. Wiki hii nimekuja kwako mara mbili kuviomba, ukaniambia sina imani. Maneno yangu kwa mke wangu yamenirudia vile vile.

Mtumainini Bwana, ndugu zangu. Aliniponya kwa mkono wa dresa, na hakuchukia uji wangu hata siku moja. Mama Selina, kesho lori la maziwa litatupeleka wote wawili hospitali, goti lako lionwe na daktari mwenyewe. Uji uko nyuma pale, mke wangu ameuleta ukiwa moto. Fundo la vile vidonge naliona liko kwenye pindo la leso yako. Mimi nimesimama hapa, na ukaidi wangu mnaujua, na siketi mpaka ulifungue.