Ukimya Safi wa Muntilan

Jumapili asubuhi benchi la duka la kahawa la Bu Lastri, yaani Mama Lastri, pale njia panda ya Muntilan, huwa la watu wa redio, wanaoitana kwa majina ya vifaa: Fyuzi, Koili na Antena. Redio yenyewe hukaa kwenye kaunta, kando ya sahani ya ndizi za kukaanga, na waya wake hupanda hadi kwenye mwanzi mrefu nyuma ya duka. Mwitaji majina yuko Surabaya. Anaita kituo kimoja kimoja, na ambaye sauti yake haifiki Surabaya huitikiwa kwa niaba yake na kituo chochote kilichomsikia. Kituo cha mzee Opa Welem, kisiwani Alor, husikika Muntilan tu, na benchi zima hutembea kifua mbele kwa hilo. Lakini tangu Fyuzi alete kisanduku cha kuondoa kelele, Opa hajasikika. Surabaya wametangaza kwamba asipoitika leo, hataitwa tena.

Fyuzi: Tegeni masikio. Mnasikia nini?

Koili: Sisikii kitu.

Fyuzi: Ndiyo hivyo! Zamani ilikuwa kama mtu anakukaangia samaki sikioni. Sasa watu wanatoka Magelang kuja kusikiliza kimya chetu.

Antena: Na Opa je?

Antena ni fundi pikipiki. Opa Welem ndiye aliyemfundisha redio, hewani, na hawajawahi kuonana.

Fyuzi: Sasa mimi ndiyo nimemficha? Betri yake imekufa.

Koili: Betri wapi! Mzee ana paneli ya jua. Tatizo ni jua lenyewe. Mwaka huu lina madoa, linakunywa mawimbi.

Fyuzi: Linakunywa ya Alor, ya Surabaya linayaacha?

Koili: Linachagua.

Bu Lastri: Wewe Koili, jana si ulisema ni Merapi?

Koili: Merapi nayo imo, Bu! Ule mlima ni sumaku tupu. Umeshaugeuza waya wetu, sasa tunasikiliza Australia.

Fyuzi: Australia wenyewe mbona hawasemi?

Koili: Wamelala.

Fyuzi: Mimi nawaambia, Opa kaoa. Mzee ana bibi mpya, hana habari na sisi.

Antena: Acheni masihara. Yule mzee alinifundisha kusikia. Leo jina lake liachwe, mimi nimekaa hapa natafuna ndizi?

Fyuzi: Pak, kisanduku nimekipandisha hadi mwisho kwa ajili yake! Kelele zote nje. Akikohoa tu, tumempata.

Redio ikaongea, sauti safi kama ya mtu aliyeketi nao: “Alor. Opa Welem. Nani anamsikia Alor? Muntilan?”

Antena alishika kipaza sauti. “Surabaya, tupe dakika.”

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama kaunta akisubiri kahawa yake ya kubeba. Hakuna aliyemjua. Alimgeukia Antena.

— Samahani, Pak. Huyo Opa sauti yake ikoje?

— Ndogo, Mbak. Ndogo mno. Inakuja imezama kwenye kelele, huioni inapoanzia.

— Sasa hicho kisanduku kinajuaje kelele ni ipi na Opa ni yupi?

Bu Lastri alimtazama Fyuzi. Fyuzi alikitazama kisanduku.

Antena alinyoosha mkono, akakizima.

Kelele zilirudi zote kwa mpigo, kama mvua juu ya bati. Bu Lastri alizima jiko. Antena aliweka sikio kwenye spika, akafumba macho. Mwanamke hakusikia kitu. Koili alitikisa kichwa.

Kisha Antena aliinua kidole.

— Anasema… “Muntilan, mmelala? Kila Jumapili nawaita.”

— Mwongo! Fyuzi aliruka.

— Nyamaza. Anasema pia salamu kwa Fyuzi, punguza maneno.

— Huyo ni yeye! alisema Koili.

Antena alibonyeza kipaza sauti, na mgongo wake ulikuwa umenyooka. “Surabaya, hapa Muntilan. Alor yupo. Ana hasira, lakini yupo.”

“Alor yupo,” Surabaya ikarudia. “Asante, Muntilan. Kama kawaida.”

Bu Lastri aliwasha jiko, akamjazia mgeni kahawa yake, akakataa pesa. Koili alikwishaanza kuwaeleza wapita njia jinsi benchi lao lilivyompata mtu wa Alor.

Fyuzi: Hata mimi nilimsikia.

Antena: Ulisikia nini?

Fyuzi: Kelele. Lakini nilijua ni zake.