Nati za Tairi la Mwisho

Aslaug, weka funguo za gari mezani. Najua theluji imeanza na wanao wanakungoja ng'ambo ya mlima, lakini nisikilizeni kwanza, wewe na kaka yako, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kusema neno mara mbili. Tarjei, vuta kiti. Usinitazame hivyo, sijaanza kuweweseka.

Nyumba mtagawana kama tulivyokubaliana mama yenu akiwa hai, na mkigombania vijiko vyake vya fedha nitawatokea ndotoni. Ule ukingo wa msitu, niliponuniana na jirani Gudmund miaka yote hii kwa ajili ya msonobari mmoja, mwachieni. Jeki yetu kubwa iko kwake, aliiazima kabla ya ugomvi akaona haya kuirudisha. Msiidai. Akija mazishini mpeni kahawa, mumwambie ibaki kwake.

Kompresa, ile mashine ya kujaza upepo, nampa Aslaug. Naam, Tarjei, kunja uso utakavyo.

Asubuhi nimelala hapa, ninyi mko bandani chini yangu mnavua matairi ya kiangazi mnafunga ya baridi, na kitanda kinatetema. Nikawa nasikiliza. Kompresa yetu ni ndogo, wanangu; ukikaza nati chache upepo unapungua, na lazima uiache ingurume ijaze mtungi ndipo uendelee. Wewe, Tarjei, hukungoja. Ulipiga tairi baada ya tairi kama mtu anayefukuzwa na nyuki, na bunduki ya upepo ya kukazia nati ikalia vilevile, maana debe tupu haliachi kuvuma. Nilikuita, sauti haikutoka. Nikagonga sakafu kwa fimbo, mkadhani nafuatisha muziki wa redio.

“Baba, nimekaza kwa mashine, tulia,” ndivyo ulivyoniambia ulipoleta uji. Nitulie vipi? Mashine inafikisha nati mahali pake, lakini wa kuikaza ni mkono. Tairi la mwisho lilikuwa la nyuma, upande wa dereva, na upande huo ndio unaotazama ziwa katika kona zile za juu. Naogopa, wanangu. Tangu asubuhi nikifumba macho naliona tairi hilo likilipita gari.

Shuka, Tarjei. Chukua ile spana ndefu ya kupimia, inayogonga yenyewe nati ikishakaza vya kutosha. Anza na hilo la nyuma. Dirisha liacheni wazi, baridi hainidhuru tena.

Aslaug, sogea. Kompresa nimekupa wewe kwa sababu wewe hungoja. Kila ukimaliza kazi, toa upepo wote, kisha fungua koki ya chini ya mtungi maji yatoke, la sivyo kutu itaula kwa ndani nawe hutaona mpaka siku upasuke. Kaka yako akiazima, mpe. Mpe, lakini simama naye.

Nyamaza kidogo. Unasikia? Bado anazungusha... bado... hapo imegonga. Kwa nati iliyokazwa spana hugonga papo hapo, mwanangu. Na hii ya pili nayo inazunguka. Ee Mungu wangu. Ungeondoka nayo hivyo.

Usimseme akipanda. Ameshajua mwenyewe. Alikuwa na haraka ili uwahi kabla barabara haijafungwa. Ni mapenzi yake kwako yaliyomkimbiza. Kawia ufike, mwambie hivyo tu, na umshike bega.

Maji... asante. Yametosha.

Tarjei, umerudi. Nipe mkono, usiupanguse, acha grisi. Mungu awatangulie nyote wawili, na wanenu, na wote watakaopanda gari lolote mtakalolifungia matairi. Msinuniane. Hakuna mti unaostahili watu wanuniane.

Neno la mwisho, Aslaug. Matairi yakifungwa upya hukaa sawa yakishatembea, na nati hulegea kidogo. Ukifika pale kanisani chini ya mlima, kabla hujaanza kupanda, simama ukaze tena zote kwa mkono. Na kama simu... sogea, sauti inaniishia... kama simu italia hapo, na kaka yako asiweze kusema, utajua ni mimi nimekwenda. Usirukie gari ugeuze. Kaza kwanza, mwanangu. Ulie baadaye.