Miaka Sita kwa Sikio la Jirani

Sifa kwa Bwana, ndugu zangu wa hapa Newala, nanyi mliopanda kutoka Masasi! Mimi ni Mama Agnesi wa Chilangala, mwanakwaya wa sauti ya pili. Leo naungama mbele yenu: kwa miaka sita niliwadanganya.

Kwaya yetu haina kinanda. Mwalimu anatoa "do" kwa mdomo, na kila sauti inachukua noti yake hapo. Mimi sikuchukua kitu! Nilisimama ubavuni mwa Mama Tumaini, nikasubiri aanze, nikamfuata. Watu wakanisifu, nami nikazipokea sifa bila haya.

Ndipo Mama Tumaini akaenda Tandahimba kumhudumia dada yake aliyejifungua, nasi tukaalikwa kuimba Masasi. Sauti ya pili nikabaki mimi na wanakwaya wapya wawili walionitegemea. Ubeti wa kwanza tu, nikabebwa na sauti ya kwanza, nikaimba noti zao badala ya zangu, na wale wawili nyuma yangu! Mwalimu akaukata wimbo mbele ya kanisa zima. Tukaanza upya. Nikabebwa tena. Ndugu zangu, nilitamani ardhi inimeze!

Tuliporudi, mwalimu akaniambia kwa upole, "Mama Agnesi, lete joho. Siku utakayoshika noti yako peke yako, njoo ulichukue."

Nililia. Niliipenda kwaya kuliko nilivyojua. Nikafunga na kumwomba Mungu anipe sikio la kuimba ndani ya siku moja. Hakunipa! Nikarudi kwa mwalimu, shingo upande, naye akanipa zoezi: do, mi, rudi do. Basi. Kila siku, kidogo kidogo, wala nisiguse maneno ya wimbo.

Nikaanza mikoroshoni. Kila mkorosho nilioufikia, do, mi, do, kisha nasikiliza sauti ya mwalimu aliyoirekodi kwenye simu. Nimekosea? Narudia palepale. Baba Agnesi akanitania, "Mama, hizo korosho unaziokota au unazihubiria?" Nikamjibu, "Nyamaza, umenipotezea do!"

Jioni tukikaa kutenganisha korosho na mabibo, binti yangu Agnesi aliimba sauti ya kwanza, mimi ya pili. Nilibebwa wiki ya kwanza. Nilibebwa mwezi mzima. Msimu ukaisha, bado. Nikahamia kwenye palizi ya mihogo na zoezi langu. Mara tatu nilisema naacha, na mara tatu kesho yake nikaamka na do mdomoni. Nilikuwa nimekasirika, nawaambia kweli, lakini niliendelea.

Kabla ya Pasaka nikaenda mazoezini. Mwalimu akaamuru sauti ya kwanza waimbe kwa nguvu zote, wanawake kumi na mmoja, na mimi peke yangu kinyume chao. Akatoa do. Nikatafuta noti yangu, nikaipata! Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Machozi yalinitoka, lakini sikubebwa. Mwalimu akaenda kabatini, akaniletea joho.

Namshukuru Mungu aliyeninyima sikio la siku moja akanipa uvumilivu wa kila siku. Ndugu yangu unayesema huna sikio, usiondoke leo. Mtumaini Yeye, njoo ukae karibu nami. Tutaanza na do, na hatutaharakishana.