Drili ya Japheth

Kijiwe cha mtaa wa Najma hakina mwenyewe. Ni benchi lililotupwa na duka la samani, likaegemezwa kwenye ukuta wa mkahawa wa Mhindi mmoja wa Malabari apikaye karak, ile chai nzito ya maziwa na iliki inayowafanya watu wa Doha wasahau kwenda nyumbani. Ijumaa jua likishapunguza makali, Wakenya na Waganda hulikalia, wakanywa na kubishana. Wiki nzima hulinda majengo ya watu kwa redio ya mkononi na filimbi, lakini wakishaketi hapo hakuna silaha duniani wasiyoijua. Ijumaa hii Kiprop, mlinzi wa jengo la maduka, alikuja na shida ya kweli, kitu ambacho kijiwe hakikukizoea.

Shida yenyewe ilikuwa drili. Aliinunua hapo hapo Najma kwa ajili ya mdogo wake Japheth, fundi wa mageti huko bonde la Kerio, na ilikuwa iondoke kesho, Jumamosi, kwa kago. Asubuhi hiyo Japheth akapiga simu. Wezi wa mifugo walikuwa wamepita kwa jirani, na sasa hakuitaka drili kwa mageti tena. Alitaka kujiundia bunduki, alinde ng'ombe ambao Kiprop amewanunua kwa miaka ya kusimama mlangoni pa wenyewe. Akataka jibu la kaka yake kabla jua halijatua.

— Mwambie aache, akasema Mwaura. Walimwita Wakili kwa kuwa aliwahi kufagia mahakama. — Kuunda bila leseni ni kosa. Kukaa nayo ni kosa lingine. Bunduki moja, kesi mbili.

— Na ng'ombe wakienda je? akauliza Kiprop. — Kesi yao ataisikiza nani?

— Aombe kuwa polisi wa akiba. Apewe ya serikali, yenye namba.

— Aliomba. Akaambiwa zimeisha.

Rodney alisogeza kikombe chake. Huyu ni fundi wa AC, na kijiwe kilimpa uinjinia bila kumpeleka chuo.

— Wasee, si Amerika mtu hujiundia tu kwake, bora asiuze? Nimeona kwa simu. Kuna sheria yao inahesabu kipande kimoja pekee ndiyo bunduki. Hivyo vingine vyote ni vyuma tu. So Japheth aende polepole. Bandu bandu huisha gogo.

— Hilo gogo ni la kuni, Injinia, akasema Wakili. Na Kerio si Amerika.

— Bassebo, mabwana, ngojeni kwanza.

Aliyesema hivyo ni Trevor, dereva kutoka Uganda, aliyeitwa Afande kwa ajili ya buti za jeshi alizozinunua sokoni.

— Kama bunduki ni kipande kimoja, basi tugawane vipande. Kimoja akae nacho mama, kingine Japheth, kingine Kiprop arudi nacho hapa Doha. Polisi wakija, hakuna mwenye bunduki. Kuna familia tu.

— Na wezi wakija? akauliza Wakili.

— Wangoje Kiprop apate ndege.

Kijiwe kikacheka. Kiprop naye alicheka, kisha akaona haya kwamba amecheka.

— Nyinyi mnaona mchezo, akasema. — Wale ng'ombe nawajua mmoja mmoja. Likizo iliyopita nilifika usiku, sijaambia mtu. Kabla ya kubisha kwa mama niliingia kwa boma kwanza, nikawapapasa migongo kwa giza. Nikasema khalas, yametosha, hata wakinifuta kazi kesho, hawa wako.

Hapo hakuna aliyecheka. Kila mmoja kwenye benchi lile alikuwa na kitu chake nyumbani anachokilinda kwa simu, na simu haijawahi kumkamata mwizi.

— Basi aunde, akasema Afande. — Fimbo ya mbali haiui nyoka. Ndiyo maana wazungu walileta bunduki.

— Methali haikusema hivyo, Afande, akasema Wakili.

— Na akishaiunda aivae ndani ya koti, akaongeza Injinia. — Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Wakili akashika kichwa.

— Hiyo ndiyo methali moja umeiweka mahali pake leo, na hata hujui.

Kiprop aliyasikia yote, lakini moyo wake ulikuwa umeshaelekea upande mmoja. Sheria ilikuwa mbali na wezi walikuwa karibu. Alijua angekubali, na alichokitafuta pale ni mtu wa kumwambia hana kosa. Akatoa simu mfukoni.

Ndipo alipofika Kerubo, yaya wa nyumba moja ya Muaither, pembezoni mwa Doha, ambaye hajawahi kukanyaga kijiweni. Alikuja kuomba nafasi ya kilo mbili tatu katika sanduku la Kiprop, maana msafiri wa Doha hafungi mzigo wake peke yake. Alisimama pembeni mpaka akauelewa ubishi, kisha akasalimia.

— Kaka Kiprop, nimesikia mwezi ujao unaenda. Nina viatu vya dada yangu, yuko Eldoret. Aje kwenu kuvichukua siku gani?

— Nitakupigia nikishafika. Nyumbani hawajui kama nakuja, mimi huwashtukiza. Nafika usiku, napitia kwa boma, asubuhi ndiyo wananiona.

Kerubo akaitazama ile simu mkononi mwa Kiprop.

— Na huyo ndugu yako wa bunduki? Akisikia mtu kwa boma usiku, atajuaje ni wewe?

Aliuliza tu kama mtu anayeuliza njia. Injinia akainamia kikombe na kukuta karak imeisha. Afande akazitazama buti zake. Kiprop alijiona akiingia bomani, ameinama, mkono mbele, bila taa.

Akapiga simu.

— Kaka, umeituma?

— Bado. Japheth, mwezi ujao nakuja. Nilitaka kuwashtukiza. Ningeingia kwa boma kwanza, usiku, kama siku ile.

Siku ile Japheth alitoka na panga, akammulika kaka yake kwa tochi, na wakacheka mpaka mama akaamka. Sasa kila mmoja alikuwa anaikumbuka bila kicheko.

— Drili nitaibeba mwenyewe, akasema Kiprop. — Ni ya mageti.

— Na wezi?

Kiprop akatazama benchi zima.

— Sijui, akasema. — Hilo sijui.

Ng'ombe mmoja alisikika akilia nyuma ya Japheth.

— Basi siku hiyo niambie saa. Nitaacha taa ya boma ikiwaka, nikuone uso.