Buli la Mkono wa Kushoto

Benchi letu liko nje ya duka la Sindano, fundi cherehani, upande wa kivuli, na asubuhi ukipita utatukuta watu watatu na chupa moja ya kahawa. Vijiwe vingine hubishania mpira. Sisi tunabishania vyombo vya chai. Ugonjwa huo alituletea Antena, fundi redio mstaafu, siku alipookota buli dogo la Kichina kwenye rundo la mitumba akatukaribisha tulinywee. Tangu hapo hatukupona. Sindano ana bakuli jeusi la Kijapani analolifunga kwa kitambaa cha suti. Kamusi, mwalimu mstaafu, ana vikombe vinne vidogo kama vifuniko vya chupa. Mimi mchonga funguo nina kimoja tu, na kina ufa. Kila Jumamosi mmoja huleta chake na wote tunakinywea.

Miezi minne iliyopita Antena alipigwa na kiharusi. Tulipata habari, tukasikitika, tukapanga kwenda kumwona Jumapili. Jumapili nazo zina tabia ya kupita.

Basi Jumanne moja akaja mama mmoja ana kikapu, akasema yeye ni dada yake Antena. Akaweka kifurushi juu ya benchi.

— Kaka anasema hili ni lenu sasa. Hawezi tena kulimimina.

Tulimkaribisha kahawa, akashukuru, akasema anawahi dawa. Akaenda zake.

Ndani ya kifurushi mlikuwa na buli la Kijapani, la udongo mwekundu, lile alilokuwa akilipenda kuliko yote. Mkono wake haukai nyuma kama wa mabuli mengine. Umetokeza ubavuni, kama mpini wa kikaango. Miaka yote tulilinywea bila kuuliza. Sasa mwenyewe hayupo, ndipo tukaanza kujiuliza kwa nini.

Kamusi alisema zamani hilo lilikuwa chombo cha kuchemshia dawa, mpini umekaa mbali na moto. Sindano akakataa. Kwa maoni yake vyumba vya kule ni vidogo, na mkono wa nyuma ungemfanya mtu ampige jirani kiwiko. Mimi, ili nisionekane sina la kusema, nikatoa habari ya mfalme mwoga wa sumu aliyetaka kukiona kiganja chote cha anayemmiminia. Kamusi akaniuliza mfalme gani. Nikamwambia majina yao ni magumu.

Sindano hakucheka. Alikuwa amelijaza maji, analimimina kwa mkono wa kulia. Kifundo kiligeuka kidogo tu, dole gumba likashika kifuniko, maji yakatoka. Akahamia mkono wa kushoto. Mdomo wa buli ukamwelekea tumboni, akalowa shati.

— Mkono wa Antena uliokufa ni upi? akauliza.

— Wa kulia, akasema Kamusi.

Kisha Sindano akasema kwamba yeye hushona hata nguo za mashoto, akihamisha mifuko. Mfinyanzi naye lazima amewahi kukutana na mashoto.

Nikaulizia buli la mashoto kwenye kundi letu la simu la wapenzi wa vyombo, watu wa miji mbalimbali ambao hatujawahi kuonana. Siku ya kwanza walitutania. Siku ya tatu akajibu daktari wa meno, mwanamke, kwamba analo la hivyo, mpini kushoto, na hajawahi kuona jingine. Haliuzi. Ila picha ya bakuli jeusi la Sindano, iliyowekwa kundini, ameitazama mwaka mzima.

Mchana ule Sindano alishona suruali mbili, akaharibu moja. Alipofunga duka alininyooshea simu yake nimwandikie yule daktari neno “sawa”, maana yeye vidole vilikataa.

Jumamosi daktari alikuja mwenyewe kwa basi, buli amelipakata; hakuwa mtu wa kulituma kama kifurushi cha soksi. Sindano akamkabidhi bakuli likiwa ndani ya kitambaa chake cha suti. Daktari alilifungua, akalizungusha kwenye mwanga, akanywa kahawa yetu kwa adabu. Kisha akasimama.

— Haya. Mgonjwa anakaa wapi?

Nilimtazama Kamusi. Kamusi akamtazama Sindano. Sindano akatazama mtaani. Miaka kumi na mmoja tumekaa na mtu huyu bega kwa bega. Tulijua anaiacha chai yake ndani ya buli kwa kuhesabu hadi arobaini, na kwamba akitaka kudanganya anakohoa kwanza. Mlango wake hatukuujua.

— Kwani hamjaenda kumwona? daktari akauliza, si kwa ukali.

Sindano alifunga duka. Tulikumbuka dada yake alikuwa anawahi dawa, tukaenda hadi duka la dawa tukamwulizia Antena, muuzaji akatuuliza antena ya nini. Jina lake halisi hakuna aliyekuwa nalo, hata Kamusi. Ikabidi tueleze dada yake alivyo, kimo chake na kikapu chake, ndipo muuzaji akatuelekeza: nyuma ya mashine ya kusaga, mlango wa kijani.

Dada yake alitupisha. Antena alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, amekonda, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu cha kuazima. Maji yakachemshwa. Daktari akamwekea buli upande wa kushoto, akarudi nyuma.

Alilipapasa muda mrefu. Dole gumba likatafuta kifuniko, likakipata. Kikombe cha kwanza chai nusu ilikwenda mezani. Sindano akainuka amsaidie, dada akamshika mkono wa shati, akakaa. Cha pili kikaingia vizuri. Akaendelea, polepole, mpaka vikajaa sita.

Akaliweka buli chini, akatutazama mmoja mmoja.

— Mlikuwa wapi? akauliza, ulimi mzito.

Akatusogezea vikombe.