Ramani ya Kichwa cha Nasma

Alhamisi, tarehe 14 Machi 2019, saa kumi na dakika ishirini alasiri, Bwana Shaibu Zubery Makame, mkulima wa mwani, alifika kwenye benchi letu la kahawa hapa Kilindoni akiwa na bahasha kutoka Dar es Salaam. Ndani yake mlikuwa na picha ya ubongo wa bintiye Nasma, mwenye umri wa miaka kumi na sita, anayeanguka kifafa tangu utotoni. Barua ilieleza kwamba kompyuta ilifuata mikunjo yote ya ubongo huo katika picha hiyo, ikauchorea ramani na kulipaka kila eneo rangi yake. Mkunjo mmoja wa upande wa kulia ulikuwa na umbo lisilo la kawaida. Madaktari waliwaita tena wazungumzie upasuaji. Shaibu alikuwa hajaamua.

— Usiende, alisema Kombo, tuliyemwita Mipaka tangu hifadhi ya bahari ilipomfungia mwamba wake wa kuvulia. Ramani za rangi nazijua mimi. Huanza kukuchora, humaliza kukufukuza.

— We Mipaka kila karatasi waiona hifadhi! alidakia Mfaume, fundi wa mashine za boti, maarufu kwa jina la Injinia. Hiyo mikunjo ni nyufa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Wataziba, basi.

— Wazibe yote? Hata ubongo wako una mikunjo.

— Wangu umenyooka, shekhe!

— Hilo twalijua.

Nilifafanua kwamba rangi zile ni za kutofautisha eneo na jirani yake tu, kama ukurasa wa pili ulivyoandikwa. Hawakunisikiliza.

— Leo wachora kichwa, aliendelea Mipaka, kesho boti ya doria itajua wavu wangu wa juya nimeuficha wapi kabla sijautoa.

— Jamani, mtoto ni wangu, alisema Shaibu. Niende, nisiende?

Hapo alipita Jovina, muuguzi mgeni, mwenyeji wa Bukoba.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

Akaomba barua, akaisoma hadi chini.

— Kompyuta imeonesha mahali. Wao wanauliza: akianguka, mkono upi hutangulia kutikisika? Ubongo wa kulia huendesha mkono wa kushoto. Mkono na picha vikiafikiana, watakuwa na uhakika zaidi. Mkono upi, baba?

Shaibu akatazama viganja vyake.

— Mimi hukimbilia kichwa, kisigonge chini.

Injinia na Mipaka walikwisha kumdaka Nasma mara nyingi, nao hawakuwa wameuangalia mkono. Nilifungua daftari langu, ambamo huandika mambo ya benchi letu. Nilikuwa na tarehe kumi na moja za kuanguka kwake hapo kwenye benchi, pamoja na saa. Mkono sikuuandika.

— Wa kushoto, alisema Bi Mwanamkuu, muuza kahawa, bila kuacha kusuuza vikombe. Nasma hunisaidia kuosha. Nikiona vidole vya kushoto vyacheza, nampokonya kikombe, namkalisha chini.

Jovina aliandika jibu hilo chini ya barua, na Shaibu akairudisha ndani ya bahasha. Jumapili, tarehe 17, alivuka bahari na bintiye kwenda Dar es Salaam.

Injinia husimulia mpaka leo kwamba jibu lile lilitoka katika daftari langu. Hasemi kweli. Daftari lilikuwa na tarehe tu; aliyejua ni Bi Mwanamkuu, na ndiye ambaye muuguzi alimwandika kwenye barua kuwa shahidi.