Mwalimu Evaristi na Nyota Yenye Mkia

Baba Padri, Mama Valeria, majirani na walimu mliofika hapa Kasanda, mimi ni Pasikali Niyomwungere, shemeji yake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya mtu ambaye angekuwa hai angenisahihisha kila mstari.

Mwalimu Evaristi Stanislaus Hatungimana alizaliwa tarehe 30 Oktoba 1965 hapa hapa Kasanda, mtoto wa pekee wa Mzee Stanislaus na Mama Valeria, katika juma ambalo nyota yenye mkia mrefu ilionekana alfajiri, na kwa kuwa baba yake alifariki kwa homa tarehe 2 Novemba, watu walisema nyota ile imemleta mtoto na kumchukua baba. Mama Valeria aliyabeba maneno hayo kimya, na mtoto akakua akiitwa wa nyota, wala hawakuwa wakimsifu.

Alisoma Shule ya Msingi Kasanda kuanzia 1973 hadi 1979, sekondari mjini Kigoma, kisha Chuo cha Ualimu Kasulu kuanzia 1984 hadi 1986, na huko ndiko alikosoma kwamba nyota yenye mkia si nyota hata kidogo, ni bonge la barafu na vumbi linalolizunguka jua kwa njia yake, lisilojua nani kazaliwa Kasanda wala nani kafa. Aprili 1986, ilipoonekana nyingine, alidandia lori la maharage hadi nyumbani, akamshika mama yake mkono, akamtoa uani aitazame, na Mama, kwa maelezo yake mwenyewe, alijifunika kitenge akachungulia kwa jicho moja, na kulipokucha akapita nyumba kwa nyumba kuangalia nani kafa, akakuta wote wazima hadi kuku.

Alianza kazi tarehe 1 Februari 1987 Kibondo, akahamia Kasulu 1998, akarudi Kibondo 2010, akifundisha sayansi na jiografia kwa jiko la mkaa lililokuwa jua, chungwa lililokuwa dunia na ndimu iliyokuwa mwezi, akisimulia setilaiti ya kwanza ya 1957, mtu wa kwanza kwenda angani 1961, waliotua mwezini 1969, na setilaiti aliyoipenda kuliko zote, iliyorushwa pwani ya Malindi tarehe 12 Desemba 1970 ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Mwaka 2016 alikwenda kambi ya wakimbizi ya Mtendeli kila Jumamosi, akawaonyesha watoto waliotoka Burundi kwamba Kilimia, lile kundi la nyota waliloliacha kwao, limewafuata.

Alifunga ndoa na dada yangu Immakulata tarehe 24 Agosti 1991 Kibondo, baada ya posa ambamo alimweleza baba yetu habari za mwezi mpaka mshenga akamkanyaga mguu, wakajaliwa watoto watatu, Uhuru, Brighton na Aneth, na aliyedhani Uhuru ameitwa hivyo kwa ajili ya sherehe za uhuru za Desemba alikaa chini akasomeshwa habari za setilaiti ile.

Januari mwaka huu, 2025, aliugua figo, akatibiwa Kibondo na Kigoma, akarudi nyumbani tarehe 1 Septemba, na mwili ulipokwisha nguvu alituma watoto wawaambie majirani kwamba Jumapili tarehe 7 kivuli cha dunia kitaufunika mwezi nao utakuwa mwekundu, watoke na mikeka. Walitoka, naye akafariki saa tatu usiku, mwezi ukiwa mwekundu kama alivyosema, na nilisikia kwa masikio yangu mtu akinong'ona kwamba wa nyota amefuatwa, nikaogopa kwamba Mama atarudi kule kule kwenye maneno ya mwaka 1965. Mama Valeria alisimama katikati ya uwanja, uso wazi, bila kitenge, akasema kwa sauti kwamba kile ni kivuli chetu sote, cha Kasanda kikiwemo, kwamba mwanawe ameuawa na figo, na anayetaka kulia alie, anayetaka kutisha watoto aende kwao. Watu wakalia, na watoto wakaendelea kutazama mpaka mwezi ukarudi mweupe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Kibondo na Kigoma, majirani waliolala hapa nasi, walimu wenzake, na wanafunzi walioleta ndimu na chungwa badala ya maua.

Pumzika kwa amani, shemeji, Mama ametazama kwa macho yote mawili.